Gaidi ni Nani? Neno, Sheria na Sanaa katika Mapambano ya Kenya dhidi ya Ugaidi

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuziacha sheria, matangazo ya serikali na majina ya operesheni za polisi mikononi mwa wanasheria na wataalamu wa siasa. Mazoea hayo yana hasara yake. Dola, kama mtunzi yeyote, huteua maneno, huumba wahusika, huamua nani asikike na nani anyamazishwe, na hutarajia hadhira yake iitikie kwa namna fulani. Tofauti iliyopo ni kwamba mhusika wa riwaya akisawiriwa vibaya hataamshwa usiku wa manane aonyeshe kitambulisho. Makala haya yanachunguza jinsi Kenya ilivyopambana na ugaidi kwa kulifuatilia neno moja, gaidi, katika sheria na operesheni zake, na kwa kulinganisha matumizi hayo na kazi mbili za sanaa zilizoshughulika na suala hilohilo: tamthilia ya Mzalendo Kimathi na filamu fupi ya Watu Wote. Hoja inayotetewa ni kwamba mapambano hayo yamekuwa imara pale lugha yake ilipotaja tendo, na yameyumba kila ilipotaja aina ya mtu.

Ifahamike mapema kwamba tishio lenyewe si zao la lugha. Tarehe 7 Agosti 1998 watu 213 waliuawa jijini Nairobi ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, siku ileile ambayo Dar es Salaam nayo ilishambuliwa. Mwezi Novemba 2002 ikawa zamu ya hoteli moja ya Kikambala. Septemba 2013 waliuawa watu 67 katika jumba la Westgate. Mwaka wa 2014 uliomboleza Mpeketoni, kisha basi la Mandera, kisha machimbo ya mawe ya Mandera. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 wauaji waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa, na hadi jioni watu 148 walikuwa wamekufa, wengi mno wao wakiwa wanafunzi. Jarida la idara ya chuo kikuu haliwezi kuitaja tarehe hiyo kama linavyotaja tarehe nyingine. Waliouawa walikuwa watu wa madaftari na mitihani, na baadhi yao walikuwa wamekusanyika kwa sala ya asubuhi. Basi uhakiki wa lugha ya dola usichukuliwe kuwa utetezi wa wauaji. Unatokana na swali ambalo wafiwa wana haki ya kuliuliza: je, maneno tuliyoyachagua yametusaidia kumkamata mkosaji, au yametusaidia tu kumwona kila mahali?

Neno na ngeli yake

Kwa wasemaji wa rika la wazee, gaidi alikuwa mnyang'anyi, ndugu yake haramia na jambazi, mtu wa kuvizia wapita njia. Maana ya kisiasa imeingia baadaye na kulitwaa neno zima. Kwa umbo, gaidi/magaidi ni nomino ya ngeli ya LI-YA, ingawa kwa sababu ya uhai huchukua upatanisho wa A-WA. Humo limo pamoja na jambazi, jangili na jasusi. Si kweli kwamba kila jina la mtu katika kundi hilo ni la lawama, kwani daktari na waziri nao wamo. Kwa hiyo sifa ya kuzingatiwa zaidi haimo katika kiambishi, bali katika kile kinachokosekana nyuma ya neno. Mwizi ametokana na kuiba, mwuaji na kuua, mchochezi na kuchochea. Anayemwita mwenzake mwizi anajikuta, kwa nguvu ya sarufi yenyewe, amedai kwamba kuna kitu kilichoibwa, na msikilizaji anaweza kuuliza ni kipi. Gaidi, katika matumizi ya kawaida, hana kitenzi. Ugaidi umetokana na gaidi, si gaidi na ugaidi, na hivyo mtu hutangulia tendo lake. Ukisikia kwamba fulani ni gaidi, lugha haikulazimishi kuuliza amefanya nini.

Pengo hilo ndilo mlango ambao watawala wameupitia kwa zaidi ya nusu karne. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni iliwaita wapiganaji wa Mau Mau kwa neno la Kiingereza ambalo leo tunalifasiri magaidi, na neno hilo likatanda juu ya jamii nzima za Wagikuyu, Waembu na Wameru. Lakini Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956 na kufikishwa mahakamani Nyeri, hakushtakiwa kwa kuwa gaidi. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi kinyume cha kanuni za hali ya hatari, na kwa shtaka hilo akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Neno kubwa lilitumika nje ya mahakama, kuzingira vijiji na kujaza kambi. Ndani ya mahakama ilibidi kitafutwe kitu kinachoshikika. Kinaya hicho kinafaa kukumbukwa, kwa maana hata dola katili ilijua kwamba gaidi, kama neno, halithibitishiki.

Tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1976, na ambayo kwa Kiswahili iliitwa Mzalendo Kimathi, inaishambulia lugha hiyo kuanzia kwenye jalada. Jina la Kiingereza linataja kesi. Jina la Kiswahili limekwisha kutoa hukumu kabla pazia halijafunguliwa. Usawiri wa Shaw Henderson ndio ufundi mkuu wa kazi hii. Ndiye hakimu, na ndiye pia adui anayemwingia mshtakiwa kizuizini kumrubuni na kumtesa. Mamlaka ya kutaja, kushtaki na kuhukumu yamekaa katika mwili mmoja. Mtazamaji haelezwi kwa hotuba kwamba haki haipo, bali anaona kanzu ya hakimu na mjeledi wa mtesaji vikivaliwa na mtu yuleyule.

Hata hivyo, tamthilia hii ina udhaifu ambao wahakiki wake wengi, kwa kuipenda, wameupita kando. Inaligeuza neno bila kuigeuza mashine iliyolitengeneza. Mahali pa gaidi imemweka mzalendo, nalo ni jina la mtu vilevile, lisiloulizwa limetenda nini. Mauaji ya Lari ya Machi 1953, ambapo familia za Waafrika waliohesabiwa kuwa vibaraka ziliangamizwa na baadaye nyingine zikauawa kwa kulipiza kisasi, hayapewi nafasi ya kuutatiza ushujaa. Tamthilia ya ukombozi haikudaiwa kuwa kitabu cha historia, lakini ingekuwa na nguvu zaidi kama ingethubutu kusimama Lari kwa muda. Wala ulinganishi huu haumaanishi kwamba Mau Mau na Al-Shabaab ni kitu kimoja. Wale walidai ardhi yao kwa mkoloni. Hawa wameua wanafunzi na abiria kwa sababu ya dini yao. Kinacholinganishwa ni tabia ya neno, si tabia ya watu.

Sheria: kutoka kwenye tendo hadi kwenye imani

Mwaka wa 2003 una kinaya ambacho mtunzi wa tamthilia angeogopa kukibuni. Katika mwaka huo serikali iliiondolea Mau Mau marufuku iliyowekwa na mkoloni zaidi ya nusu karne nyuma, na katika mwaka huohuo ikachapisha Mswada wa Kukomesha Ugaidi. Mkono mmoja ulikuwa unafuta jina, wa pili unanoa kalamu. Mswada huo ulikuwa na kifungu kilichofanya kosa kuvaa hadharani vazi linaloweza kuzua shaka kwamba mvaaji ni mfuasi wa kundi la kigaidi. Waislamu wa Pwani na wa Nairobi, pamoja na mashirika ya haki za binadamu, waliupinga vikali, na haukupita. Walikuwa wameusoma kwa makini kuliko walioutunga. Vazi ni ishara, na ishara haina maana moja. Kanzu ni ya Ijumaa, ya arusi, ya mazishi, na ya mzee anayekwenda zake kunywa kahawa.

Sheria ya Kuzuia Ugaidi iliyopitishwa mwaka 2012 ilikuwa kazi iliyokomaa zaidi, na inastahili sifa yake. Msingi wake ni ufafanuzi wa tendo la kigaidi: vurugu dhidi ya mtu, kuhatarisha maisha, kuharibu mali, kutumia silaha au milipuko, kwa nia ya kuutisha umma au kuishurutisha serikali. Ufafanuzi huo unaweka kando matendo yanayovuruga huduma wakati wa maandamano au mgomo, mradi hayakukusudiwa kuleta madhara hayo. Hapa mtunga sheria amefanya kile ambacho sarufi ya neno gaidi haikumfanyia: amelitafutia kitenzi.

Miaka miwili baadaye, Desemba 2014, baada ya mauaji ya Mandera, Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama katika kikao cha vurugu. Marekebisho hayo yaliongeza kifungu cha 12D, kinachomwadhibu kwa kifungo kisichozidi miaka 30 mtu anayefuata au kueneza imani ya msimamo mkali kwa nia ya kurahisisha vurugu za kiitikadi. Kuwaandikisha vijana ili waue ni tendo, na linastahili adhabu. Lakini kufuata imani ni tendo gani? Nia inatajwa, ni kweli, ila inatajwa baada ya imani, na polisi hukutana na imani kwanza: kitabu kilichokutwa chumbani, mawaidha yaliyomo katika simu. Fasihi ya Kiswahili inaujua mtego huu kwa uchungu. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa uchochezi, kwa sababu ya karatasi iliyoitwa Kenya: Twendapi? Humo gerezani alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki, diwani iliyochapishwa 1973 na kupewa Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Yaani taifa lilimfunga mtu kwa maneno yake, kisha likamtuza kwa maneno yake. Kila neno pana katika sheria huja na ahadi kwamba litatumiwa dhidi ya waovu peke yao, na kila kizazi cha waandishi kimepata nafasi ya kuipima ahadi hiyo.

Tarehe 23 Februari 2015 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vinane vya marekebisho hayo, kikiwemo kilichobana vyombo vya habari na kile kilichoweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini. Hukumu ya aina hiyo ni uhakiki wa matini wa hali ya juu, na inasikitisha kwamba idara za fasihi haziisomeshi. Majaji walifanya kazi ya mhakiki: waliuliza neno hili linamgusa nani, linaishia wapi, na nani atakayelifasiri saa nane za usiku. Hata hivyo, ukuta wa maneno hauchukui muda kuingiwa na nyufa. Baada ya maandamano ya Juni 2025 baadhi ya vijana waliokamatwa walifikishwa katika mahakama ya Kahawa kwa mashtaka ya ugaidi, wakituhumiwa kuharibu na kuchoma majengo. Uchomaji una jina lake katika sheria za kawaida za jinai tangu zamani. Kulipita jina hilo na kuliendea lile lisilo na kitenzi ni uteuzi wa maneno, na uteuzi wa maneno ndio mwanzo wa mtindo.

Majina ya operesheni

Majina ya operesheni ni tungo fupi kuliko zote, na pengine ndizo zilizosikika na watu wengi zaidi. Mnamo Oktoba 2011, baada ya wageni kutekwa nyara katika visiwa vya Lamu na wafanyakazi wa misaada katika kambi ya Dadaab, majeshi ya Kenya yaliingia Somalia chini ya jina Linda Nchi. Mwaka 2012 yakawa sehemu rasmi ya AMISOM. Ni maneno mawili ya Kiswahili safi. Kitenzi kiko katika hali ya kuamuru, lakini aliyeamriwa hatajwi, na kinacholindwa ni nchi, si wananchi. Pengo kati ya maneno hayo mawili lilionekana katika miaka iliyofuata, mpaka uliposogezwa mbele huku abiria, wachimba mawe na wanafunzi wakiuawa nyuma yake. Kambi ya El Adde iliposhambuliwa Januari 2016, serikali ya wakati huo haikutangaza idadi kamili ya askari waliouawa. Walioamriwa kulinda walibaki bila kuhesabiwa hadharani, kama vile kitenzi kile kilivyobaki bila mtendaji.

Operesheni ya Aprili 2014 mtaani Eastleigh iliitwa Usalama Watch, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, jina la kampuni ya walinzi. Ripoti ya IPOA, mamlaka ya kiraia inayosimamia utendakazi wa polisi, iliyotolewa Julai mwaka huo, inaonyesha kwamba lilikuwepo jina jingine, lenye maana ya kuutakasa mtaa, nalo linasema wazi zaidi: kinachotakaswa ni kichafu. Watu wapatao 4,000, wengi wao Wasomali, walikamatwa katika siku za mwanzo, na wengi wakapelekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani, ambao ulitangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kuwa kituo cha polisi. Ripoti hiyo ilikuta kwamba operesheni haikufuata sheria. Neno usalama limetoka katika shina lilelile la Kiarabu lililozaa salamu na Uislamu. Kwa jina la usalama walikusanywa Waislamu, na haielekei kwamba aliyelitunga jina hilo aliusikia ukoo wake.

Miaka 60 kamili kabla ya hapo, tarehe 24 Aprili 1954, jeshi la Mwingereza liliuzingira mji huohuo wa Nairobi katika Operesheni Anvil. Wagikuyu, Waembu na Wameru walipangwa foleni mbele ya mpelelezi aliyefunikwa gunia kichwani, gakunia, aliyetikisa kichwa kuamua nani aende kizuizini, na zaidi ya 20,000 wakaenda. Kati ya miaka hiyo miwili kuna Wagalla, Februari 1984, ambapo wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na askari katika uwanja wa ndege huko Wajir na wengi wakauawa. Kiswahili kina neno moja, uwanja, kwa mahali pa ndege, mahali pa michezo na mahali pa mkusanyiko, na historia ya nchi imelipa neno hilo maana ya nne. Kisa cha Wagalla kimo katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhiwa serikali Mei 2013. Westgate ilishambuliwa miezi minne baadaye, na foleni zikarudi.

Mantiki inayounganisha foleni hizo imo katika methali ambayo kila mtoto wa shule anaijua: samaki mmoja akioza, wote huoza. Ni methali ya muuza samaki, na kwa tenga la samaki ni ya kweli. Ikihamishiwa kwa binadamu inakuwa kanuni ya adhabu ya pamoja, na pia sera isiyo na faida, kwa maana anayetiwa tengani pamoja na waliooza hana sababu ya kumtaja aliyeoza. Mpango wa Nyumba Kumi, ulioazimwa kutoka Tanzania na kuzinduliwa Kenya mwaka 2013, ulikwama kwenye jambo hilohilo. Kule balozi wa nyumba kumi alikua pamoja na chama na shughuli za kila siku za mtaa. Hapa aliitwa ghafla awe jicho, katika mitaa ambayo jicho lilikuwa limekwisha kuwatazama watu kwa shari. Msamaha uliotangazwa mwezi uleule wa mauaji ya Garissa kwa vijana waliorejea kutoka Somalia ulikuwa na busara zaidi. Ulitumia kitenzi, kurejea, na kitenzi humwachia mtu nafasi ya kufanya jambo jingine.

Watu Wote

Mnamo Novemba 2014 wauaji walisimamisha basi karibu na Mandera, wakawatenga wasioweza kutamka shahada, na kuwaua watu 28. Tarehe 21 Desemba 2015 wakasimamisha basi jingine karibu na El Wak wakitaka mtengano uleule. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo hijabu zao, na abiria wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016, na baadaye akatunukiwa nishani ya taifa.

Filamu ya Katja Benrath ya mwaka 2017, iliyotengenezwa na wanafunzi wa chuo cha filamu cha Hamburg pamoja na wasanii wa Kenya, na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, inakisimulia kisa hicho kwa Kiswahili na Kisomali katika muda wa takriban dakika 22. Mhusika wake mkuu ni Jua, Mkristo aliyefiwa na mume na mtoto mikononi mwa magaidi, anayepanda basi akiwa amekwisha kuwahukumu abiria wenzake. Uamuzi wa kumfanya yeye kuwa jicho la filamu una faida yake, kwani chuki yake ina sababu, na hakuna mtazamaji anayeweza kuidharau. Lakini una gharama. Jua ndiye anayebadilika. Salah amekwisha kukamilika tangu anapoonekana. Kazi yake ni kufundisha, kisha kufa. Wema wa Mwislamu unakuwa jambo la kuthibitishwa mbele ya shaka ya mtu mwingine, na risasi ndiyo ithibati. Hapo filamu, bila kukusudia, imeazima masharti ya Kasarani: aliye kwenye foleni ndiye anayedaiwa ushahidi.

Nguvu ya kazi hii imo katika jina lake. Shina -ote ndilo lililomo katika methali ya samaki, na ndilo lililomo katika jibu la abiria. Katika methali, wote ni wale waliohukumiwa kwa ajili ya mmoja. Katika basi, wote ni wale waliokataa kumtoa hata mmoja. Filamu inalielewa hilo katika tukio la hijabu, ambapo vazi lile ambalo mswada wa 2003 ungeweza kulifanya ushahidi wa ugaidi linapita kutoka mkono hadi mkono bila maneno, na kumficha Mkristo asiuawe. Ni sehemu fupi, na ndiyo iliyochezwa kwa ustadi kuliko zote, kwa sababu mwelekezi ameiamini ishara akaacha kuifasiri.

Jambo moja filamu haikulithubutu. Barabara ya Mandera ina vizuizi vya polisi, na basi lililonusurika lilikuwa bado na safari. Hadithi inakoma kabla ya kizuizi kinachofuata, ambapo askari angepanda, akapita katikati ya viti, na kuwataka wenye sura za Kisomali wateremke na vitambulisho vyao, huku Jua akibaki ameketi na hijabu ya mwenzake ingali kichwani.